Buguruni, Mtoto Anapopotea

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, kama hujapata kufika Buguruni, hutahitaji mwenyeji wa kukuongoza. Toka Kariakoo, shika Barabara ya Uhuru, ipite Ilala Boma, nawe uendelee nayo tu mpaka uyaone malori ya makontena yakipita mbele yako moja baada ya jingine. Hiyo ndiyo Barabara ya Mandela, ambayo mizigo ya bandarini huipitia ikielekea bara. Njia panda hiyo makondakta huiita Sheli, jina ambalo watu wa Dar es Salaam wamekipa kila kituo cha mafuta, kiwe cha kampuni yoyote ile. Ukishuka hapo, umekwisha kuwa mgeni wa Buguruni.

Kitakachokupokea kwanza ni soko. Machungwa yamemwagwa chini kwa mafungu, kuku wamo matengani, na makuli wanapita na magunia kichwani wakikupigia kelele upishe. Nyuma ya soko ndiko iliko Buguruni yenyewe, mitaa ya Malapa, Madenge, Mnyamani na Kisiwani. Huko barabara hugeuka vichochoro, na vichochoro hugeuka nyua za watu, hata mgeni asijue ni wapi njia imekwisha na ni wapi nyumba imeanza. Reli ya Kati inapita karibu na makazi, na ardhi inateremka kuelekea bonde la Mto Msimbazi.

Nyumba nyingi za huku ni zile tunazoziita za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, uani jiko na choo, na mbele baraza. Kila chumba kina mpangaji wake na watoto wake. Asubuhi baba huenda kibaruani, mama huenda sokoni na beseni lake, na mtoto wa miaka minne hubaki uani na wenzake. Wapangaji wote wanamwona, na kila mmoja anajua kwamba wengine nao wanamwona. Hapo, ndugu msomaji, ndipo penye hatari. Mtoto anayeangaliwa na watu kumi huenda kwa saa nzima asiwe ameangaliwa na hata mmoja.

Wazee wa mji huu wanakumbuka jinsi watoto walivyokuwa wakipotea zamani. Mdundiko ulikuwa ukipita mtaani, ngoma mbele na watu nyuma, na watoto waliufuata wakicheza bila kuangalia walikotoka. Ngoma ilipotua walijikuta Magomeni au Temeke, jua limekuchwa na hawajui njia ya kurudi. Siku hizi anayewavuta huenda akawa gari la matangazo lenye muziki, au rafiki aliyeahidi kuonyesha treni. Namna ya kupotea haijabadilika sana. Mtoto huanza kwa kufuata kitu kinachompendeza.

Mara nyingi, tunashukuru, hupatikana. Kipaza sauti cha msikiti hutangaza baada ya sala: mtoto fulani, umri kadhaa, amevaa hivi, aliyemwona amlete. Mama mmoja wa mtaa wa pili huja amemshika mkono mtoto anayelia huku amepewa andazi. Watu hucheka, mzazi hutoa machozi na shukrani, na usiku huo watu hulala.

Lakini zipo siku ambazo inaadhiniwa alfajiri na kitanda cha mtoto bado ni kitupu. Siku hizo ndizo zilizonifanya niandike makala haya.

PENYE KAHAWA

Kama ilivyo kila mtaa wa Dar es Salaam, Buguruni ina baraza zake za kahawa. Muuza kahawa huweka birika lake juu ya makaa, vikombe vidogo ndani ya ndoo ya maji, kashata pembeni, na mabenchi mawili yanatosha kuwa bunge. Hapo husemwa habari za mpira, za bei ya unga na za wakubwa. Na mtoto anapopotea, hapo ndipo kesi husikilizwa, mashahidi wakiwa hawapo na hukumu ikitolewa kabla kahawa haijapoa.

Nimekaa kwenye baraza ya namna hiyo huku tangazo la mtoto likiwa limebandikwa kwenye nguzo ya umeme, hatua chache kutoka tulipoketi. Picha yake ilikuwa imeanza kufifia kwa jua. Fundi cherehani ndiye aliyefungua mjadala.

“Hii ni kazi ya waganga,” alisema. “Kuna mtu anataka utajiri. Mtaona, haitachukua mwezi atafungua duka.”

“Waganga wa nini, bwana?” alijibu kijana wa bajaji. “Siku hizi ni magari yenye vioo vyeusi. Mtoto anavutwa ndani, mlango unafungwa, basi. Kesho yuko nje ya nchi, figo zinauzwa.”

Kuli mmoja wa sokoni alitikisa kichwa. “Nyie hamjui dunia. Tazameni ndani ya nyumba kwanza. Yule mama ana mume wa pili. Mimi sisemi zaidi.”

Naye hakusema zaidi, lakini kila mtu alikuwa amekwisha kusikia. Mstaafu mmoja wa reli, aliyekuwa kimya muda wote, aliweka kikombe chini akasema kwa sauti ya mtu anayefunga shauri: “Vijana, lisemwalo lipo. Kama halipo, laja.”

Ubishi uliendelea hivyo kwa muda wa vikombe vitatu au vinne. Kila mmoja alikuwa na hoja, tena si hoja za kijinga. Kila mmoja alikuwa na mfano wa jambo lililopata kutokea mahali fulani. Mama mmoja muuza vitumbua, ambaye alikuwa akitusikiliza huku akigeuza vitumbua vyake, ndiye aliyetukata kauli.

“Baba zangu,” alisema, “huyo mtoto alikuwa amevaa nini?”

Hakuna aliyejibu. Fundi cherehani alinyanyuka, akaenda mpaka kwenye nguzo, akasoma tangazo kwa sauti: nguo, saa aliyoonekana mara ya mwisho, na mahali. Aliporudi, kijana wa bajaji alikuwa ameacha kunywa. Saa ile, alisema, yeye alikuwa ameegesha mahali pale pale akingoja abiria.

“Mbona hukusema?” aliuliza mstaafu.

“Hakuna aliyeniuliza, mzee. Mliniuliza ninadhani nini.”

Wawili hao waliondoka pamoja kwenda ofisi ya serikali ya mtaa. Aliyoyaeleza kijana yule huko ni ya wanaochunguza, si ya gazeti. Lakini maneno yake ya mwisho pale barazani yamebaki nami, kwa sababu ndani yake mna tofauti ambayo sote tunaisahau. Kuna jambo ulilolidhani, na kuna jambo uliloliona. La kwanza lina ladha barazani. La pili ndilo linaloweza kumfaa mtoto.

BURI YA DHANA

Huenda ukasema, ndugu msomaji, kwamba maneno ya barazani hayana madhara, ni ya kupitisha jioni tu. Mahali pengine pengine hoja hiyo ingeweza kusimama. Buguruni haisimami, kwa maana ardhi hii inayo kumbukumbu ya dhana iliyomwaga damu.

Kila mtu aliyekulia pwani amelisikia neno mumiani. Wazazi wengi walilitumia kuwaita watoto ndani magharibi inapoingia. Asili ya neno ni Uajemi, nalo ni ndugu wa jina ambalo Wazungu huwapa maiti waliohifadhiwa wa Misri ya kale. Kwa wafanyabiashara wa pwani mumiani ilikuwa dawa, kitu cheusi mfano wa utomvu, kilichotumika kwa mifupa iliyovunjika na maumivu ya mwili. Kamusi ya Frederick Johnson iliyotoka mwaka 1939 inaieleza dawa hiyo, kisha inataja imani ya watu wengi kwamba ilitengenezwa kwa damu ya binadamu waliouawa kwa kusudi hilo. Hivyo jina la dawa likawa jina la mwuaji. Mumiani akawa mtu anayetembea usiku kutafuta damu, na kila asiyeonekana kwao akasemekana amechukuliwa naye.

Hofu hiyo haikuwa ya Dar es Salaam peke yake. Nairobi na Kampala walioshukiwa walikuwa wazimamoto na magari yao mekundu. Mwanahistoria Luise White, aliyeandika kitabu kizima juu ya habari hizi mwaka 2000, ameonyesha kwamba hadithi za wanyonya damu zilikuwa pia njia ya watu kuusema utawala wa kikoloni: utawala uliochukua ardhi, kodi na nguvu za watu bila kuwaeleza. Kwa hiyo haifai kuwacheka wazee wetu. Walikuwa wakitawaliwa na watu wasiowajibika kwao, na penye giza la namna hiyo dhana humea upesi.

Lakini dhana ikimea huzaa. Mwaka 1957 Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa na watu 128,742, na Buguruni ilikuwa pembezoni mwa mji. Mwaka 1959, miaka miwili hivi kabla ya Uhuru, hapa hapa Buguruni, umati uliojaa hofu ya mumiani ulimwua askari polisi. Aliyeuawa naye alikuwa mtoto wa mtu.

Usidhani kwamba hayo yalikwisha pamoja na ukoloni. Oktoba 1, 2016, miaka 57 baadaye, watafiti wawili na dereva wao kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino, mkoani Dodoma. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Wanakijiji waliwaona wageni, wakaliona gari, wakavisikia vilio vya tahadhari, na wakaamini kwamba hao ni wanyonya damu. Wakati huo nchi ilikuwa na redio, simu, shule na zahanati. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuuliza swali la muuza vitumbua: ni nani aliyeona nini?

SI KILA DHANA NI TUPU

Haki inanilazimisha nisimame na upande wa pili pia. Fundi cherehani wa barazani hakuota habari za waganga. Nchi yetu imeshuhudia kwa aibu kubwa ndugu zetu wenye ualbino wakiwindwa kwa ajili ya viungo vyao. Mwishoni mwa Desemba 2014, mkoani Mwanza, mtoto wa kike wa miaka minne mwenye ualbino alitekwa nyumbani kwao usiku. Taifa zima lilimzungumza. Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Watu walikamatwa, baraza za nchi nzima zilikuwa na majibu yao, na mtoto yule hakupatikana. Miaka michache baadaye, mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019, mkoa wa Njombe nao ulitikiswa na mauaji ya watoto yaliyohusishwa na imani za kishirikina.

Kwa hiyo asiwepo wa kutuambia kwamba hofu ya wazazi ni upuuzi. Hofu ina sababu zake. Lakini angalia jambo moja. Hata pale ambapo dhana ya jumla ni ya kweli, kwamba wapo watu wanaoua kwa tamaa ya utajiri, dhana hiyo peke yake haikwambii mtoto huyu yuko wapi leo. Inakwambia cha kuogopa tu, na mtoto anahitaji anayetafuta. Tena mtu aliyekwisha kuamini kuwa ni mganga hatainama kutazama ndani ya shimo la choo lililo wazi hatua ishirini kutoka nyumbani. Aliyekwisha kuamini kuwa ni gari lenye vioo vyeusi hatakwenda kumwulizia mtoto kwa shangazi yake Vingunguti.

MFANO WA MBALI

Ubishi wa namna hii si ugonjwa wa Buguruni, wala si wa Afrika, wala si wa watu wasiosoma. Nitakupa mfano mmoja wa nchi tajiri, ili tusijione kuwa peke yetu.

Agosti 17, 1980, nchini Australia, familia moja ya Kisabato ilikuwa imepiga kambi karibu na mwamba mkubwa wa Uluru. Usiku mama wa familia hiyo, Lindy Chamberlain, alipiga kelele kwamba mbwa mwitu wa nchi ile, aitwaye dingo, ametoka na mtoto wake mchanga hemani. Mtoto huyo, Azaria, alikuwa na umri wa wiki tisa. Wenyeji wa asili wa eneo lile, mabingwa wa kusoma nyayo, waliangalia mchanga wakaona alama za dingo. Uchunguzi wa kwanza wa mahakama ulikubali kwamba dingo ndiye aliyemchukua.

Nchi haikukubali. Baraza za Australia, yaani vilabu, vyumba vya chai maofisini na kurasa za magazeti, zilikuwa na dhana zao. Ilisemwa kwamba mama hakulia inavyotakiwa alipoonyeshwa kwenye televisheni. Ilisemwa kwamba jina Azaria maana yake ni sadaka jangwani, jambo ambalo si kweli, kwa kuwa jina hilo la Kiebrania lamaanisha Mungu amesaidia. Ilisemwa kwamba dini yao inatoa watoto kafara. Ikasemwa na wataalamu kwamba ndani ya gari lao imeonekana damu ya mtoto. Mwaka 1982 mama yule alihukumiwa kifungo cha maisha.

Mwaka 1986 koti dogo la mtoto lilionekana karibu na mapango ya dingo, na mama akafunguliwa. Ile iliyoitwa damu ilikuja kuonekana kuwa dawa iliyopulizwa na kiwanda cha magari kupunguza kelele. Mwaka 1988 hukumu ilifutwa. Ilipofika Juni 2012, karibu miaka 32 baada ya usiku ule, mahakama ya uchunguzi wa vifo iliandika rasmi kwamba Azaria aliuawa na dingo. Waliokuwa sahihi tangu siku ya kwanza ni wale walioinama kutazama mchanga. Lakini wao walikuwa wachache, tena sauti yao haikuwa na utamu wa hadithi.

Ukiusoma mkasa huo kwa makini utaona kwamba dhana ilikwenda moja kwa moja kwa mtu ambaye watu tayari walikuwa na mashaka naye: mwanamke asiyelia wanavyotaka, mfuasi wa dini wasiyoijua. Kwetu huenda kwa mgeni aliyehamia juzi, kwa bibi kizee mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni, kwa baba wa kambo, kwa kichaa anayeokota makopo jalalani. Nawe jiulize kwa uaminifu: ni mara ngapi dhana yetu imetuangukia sisi wenyewe, au rafiki zetu?

BARAZA YA KIGANJANI

Dar es Salaam ile ya watu laki moja na ushei leo ni mkoa wa watu 5,383,728, kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022. Baraza nayo imekua. Sasa imo ndani ya simu, na maneno yaliyokuwa yakiishia kwenye benchi la kahawa hufika Mbagala na Bunju kabla birika halijachemka tena. Julai 2024 habari za watoto kutekwa zilizagaa katika simu za watu. Wazazi walijaa hofu, na Jeshi la Polisi likawataka wananchi wasisambaze habari zisizothibitishwa. Nchini India mwaka 2018 hali kama hiyo ilifika mbali zaidi: watu wengi wasio na hatia waliuawa na umati kwa kudhaniwa wateka watoto, hata kampuni ya WhatsApp ikalazimika kupunguza idadi ya watu ambao ujumbe mmoja huweza kusambaziwa kwa mkupuo.

Kuna hasara nyingine ambayo haitajwi sana. Picha ya mtoto ikisambazwa bila tarehe wala namba ya wahusika, huendelea kuzunguka miezi mingi baada ya mtoto kurudi kwao. Watu huizoea. Siku anapopotea mtoto mwingine, picha yake huingia katika kundi lile lile la picha zilizozoeleka, na kidole huipita.

TULICHO NACHO TAYARI

Sikusudii kuvunja baraza za Buguruni. Baraza ni macho ya mtaa, na mtaa usio na baraza ni mtaa ambao mtoto anaweza kupita bila kuonwa. Ninachoomba ni kwamba macho hayo yafanye kazi kabla ya mdomo.

Mtoto akipotea, mambo ya kuuliza ni machache nayo ni ya kawaida. Amevaa nini? Ameonekana mara ya mwisho saa ngapi, wapi, na nani? Alikuwa akielekea upande gani? Ana alama gani? Anaitikia jina gani nyumbani, maana watoto wetu wengi hawajui jina lao la shuleni? Kisha watu wagawane: huyu atazame visima, mashimo na mitaro, huyu magari mabovu, huyu akimbie relini, huyu ateremke bondeni, huyu aende kwa jamaa na madrasa. Mtu mmoja aandike yote kwenye daftari. Bila daftari, watu ishirini watatafuta mahali pamoja na mahali pengine hapatatafutwa kabisa.

Wakati huo huo habari ifike kwa mjumbe wa nyumba kumi, kwa mwenyekiti wa mtaa na polisi. Utaratibu wa nyumba kumi kumi, ulioanzishwa na TANU katika miaka ya 1960, ulikuwa na busara hii ndani yake: kwamba awepo mtu mmoja anayejua ni nani analala wapi. Usingoje kesho ipambazuke, wala usidanganywe kwamba mtoto ni lazima asubiriwe saa 24. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na ipo simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, ambayo haitozwi fedha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwananchi mwenye habari za mtoto kudhulumiwa wajibu wa kuzitoa. Imesema habari. Haikusema dhana.

Na ukiwa na dhana inayokukereketa moyoni, ipeleke huko huko, kwa sauti ya chini, kwa mtu mwenye kazi ya kuipima. Usiipeleke barazani. Ikiwa ya kweli, utakuwa umemstua mwovu akimbie. Ikiwa ya uongo, utakuwa umemwinda jirani yako.

Hapa Buguruni pana Shule ya Viziwi, iliyoanzishwa mwaka 1974. Ukipita jirani na shule hiyo utawaona watoto wakizungumza kwa mikono, kwa furaha na kwa kasi ambayo mgeni hawezi kuifuata. Fikiri mtoto wa namna hiyo akipotea. Kipaza sauti cha msikiti hakisikii. Jina lake hawezi kulitamka kwa askari. Anaweza kusimama penye watu mia wanaobishana habari zake, naye asijue kwamba ni yeye anayetajwa, nao wasijue kwamba ndiye huyu aliyesimama mbele yao. Atakayemwokoa ni mtu mmoja tu katika wale mia, yule atakayenyamaza, amtazame usoni, aitazame nguo aliyovaa, kisha aende kulisoma tangazo lililo kwenye nguzo.